Maswali ya Wasomaji: Mwezi wa Mei Tukae Wapi Katika Bonde la Lauterbrunnen?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Katikati ya Mei mimi, mke wangu na mama yangu mzazi tunatarajia kulala siku 5 katika bonde la Lauterbrunnen, nchini Uswisi, na kila siku kurudi mahali pamoja. Mama ana umri wa miaka 71. Hutembea vizuri penye tambarare, lakini ngazi humuumiza magoti. Hatutakodi gari. Rafiki anatushauri tukae Mürren kwa ajili ya mandhari, mwingine anasifu Wengen, na wakala wa safari anatuelekeza Interlaken kwa kuwa vyumba huko ni vingi. Tupange wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuutaja mwezi, kwa maana katika swali lako mwezi una uzito kuliko jina la kijiji.

Rafiki aliyekutajia Mürren ana haki ya kuisifu. Kijiji hicho kimekaa juu ya ukingo wa jabali, mita zipatazo 1,640 kutoka usawa wa bahari, kikitazamana na vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau, na wageni hawafiki kwa gari. Nadhani, hata hivyo, kwamba alikiona wakati wa kiangazi au wa theluji nene. Mei ni mwezi wa mpito: watelezaji wa theluji wamekwisha kuondoka, wapanda milima hawajafika, na wenyeji huutumia mwanya huo kufunga hoteli nyingi za juu, kupumzika, na kuyakagua magari ya waya yanayoning'inia kati ya bonde na vijiji. Mgeni aliyekuja na picha za Agosti kichwani anaweza kukuta mkahawa umefungwa, njia za matembezi zimefunikwa na theluji iliyolowa, na usafiri wa kumpeleka juu zaidi umesimama kwa matengenezo.

Kwa sababu hiyo nakushauri mpange katika kijiji cha Lauterbrunnen chenyewe, chini bondeni, kwenye mwinuko wa mita 795. Katika Milima ya Alpi majira ya kuchipua huanzia chini na kupanda taratibu. Katikati ya Mei malisho ya bondeni huwa yamekwisha kuwa mabichi na yenye maua, ilhali Kleine Scheidegg, kipito cha mlimani juu ya Wengen penye mita 2,061, bado kunaweza kuwa na theluji, na njia nyingi za huko juu hazipitiki kwa usalama mpaka Juni. Theluji hiyo inayoyeyuka juu ndiyo inayolineemesha bonde, kwa kuwa kuta zake ni majabali yaliyosimama wima, na maji yote hayana pa kupita ila kuruka. Staubbach, ambayo jina lake lina maana ya kijito cha vumbi, huanguka karibu mita 300 pembeni mwa kijiji, na upepo huyatawanya maji yake kabla hayajagusa ardhi. Msimu ukiwa mkavu maporomoko hayo huweza kukonda yakawa kama uzi. Katika Mei mtayakuta yamejaa. Mtu anayelala Mürren mwezi huo amelala juu ya kile alichokuja kukiona.

Mama naye atanufaika. Kutoka Lauterbrunnen hadi Stechelberg, kijiji kilicho mwisho wa bonde, ni mwendo wa kilomita 6 hivi, karibu wote tambarare, kati ya malisho na maporomoko, na basi hupita katika bonde hilohilo, hivyo akichoka anaweza kusubiri kituoni bila kuukatisha mwendo wenu. Katikati ya njia hiyo yapo maporomoko ya Trümmelbach, 10 kwa idadi, yaliyojichimbia njia ndani ya mlima na kubeba maji ya barafuto (mito ya barafu) za Eiger, Mönch na Jungfrau. Yakifikia kilele hupitisha hadi lita 20,000 kwa sekunde. Lifti hupanda ndani ya mwamba, lakini baada yake kuna ngazi nyingi zilizolowa. Hapo ningependa mama aamue mwenyewe akiwa amekwisha kuziona, asije akavutwa na shauku yenu.

Lauterbrunnen ina kasoro moja ambayo sitaificha: kuta zake huchelewesha jua asubuhi na kulificha mapema jioni. Anayethamini jua kuliko maji atapendezwa na Wengen, kwenye mita 1,274, kijiji kisicho na msongamano wa magari, kinachoelekea magharibi, umbali wa robo saa hivi kwa treni ya reli ya meno, yaani yenye gurudumu la meno la kuipandisha mlima, kutoka Lauterbrunnen. Hilo ni chaguo langu la pili, kwa sharti kwamba hoteli iwe imethibitisha kwa maandishi kuwa itakuwa wazi siku zenu, pamoja na jiko lake. Interlaken ni mji mzuri wa kukaa mtu anayetaka maziwa ya Thun na Brienz. Kwa mwenye siku 5 na hamu ya bonde, treni ya dakika 20 kila kwenda na kila kurudi ni hasara isiyo ya lazima.

Mürren msiikose, ila iendeeni mchana. Kuna njia mbili: gari la waya kutoka Lauterbrunnen hadi Grütschalp na kisha treni ndogo inayofuata ukingo, au gari la waya kutoka Stechelberg. Usiku uliotangulia someni matangazo ya usafiri, na asubuhi tazameni kamera za mlimani kabla ya kukata tiketi, kwa sababu wingu linaweza kulifunika bonde huku vilele viko kwenye jua, au kinyume chake. Jihadharini pia na Föhn, upepo wa joto kutoka kusini, ambao husafisha anga kwa namna ya kuvutia sana na wakati huohuo huweza kuyasimamisha magari ya waya. Kuhusu Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho kwenye mita 3,454, mama aonane na daktari wake kabla ya safari. Kupanda zaidi ya mita 2,600 kwa muda wa saa chache si jambo la kumshtukiza nalo mtu wa umri wake.

Mnapopanga chumba, ulizeni mambo mawili: kama jengo lina lifti, na kama njia ya kutoka stesheni ina mteremko, kwa kuwa hata chini bondeni baadhi ya nyumba zimejengwa pembeni mwa kilima.