Insulini ya kutumwa kwa basi hadi Faza

SWALI: Mama yangu yuko Faza, kisiwani Pate, ana kisukari. Anachoma insulini ya mchanganyiko, yuniti 24 asubuhi na 12 jioni, na anameza metformini. Duka la dawa la Mombasa linasema litatutumia dawa kwa basi mpaka Mokowe, kwenye gati la bara. Hazitaharibika njiani?

JIBU: Metformini isikutie wasiwasi. Agiza ya miezi 3 kwa mpigo. Ikiwa ni vidonge 4 kwa siku, siku 90 ni vidonge 360. Vihesabu kabla ya kumlipa aliyeleta. Stripu za kupimia sukari nazo husafiri vizuri, mradi zimo kwenye kopo lake ambalo halijafunguliwa. Zikihamishiwa kwenye mfuko, unyevu wa pwani huziharibu na kipimo kikadanganya.

Insulini ndiyo yenye masharti. Ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Watu huogopa joto, wakasahau kwamba barafu ni mbaya zaidi: insulini ikiganda, hata ikiyeyuka tena haifai, na huenda ukaitazama usione kasoro. Basi mwambie mfamasia asiweke barafu ya jeli ikiwa ngumu kama jiwe. Aitoe kwenye friza, aiache mpaka itoke jasho na ukiitikisa usikie maji ndani. Chupa ibaki kwenye pakiti yake, izungushiwe gazeti, ndipo iingie katika boksi la povu gumu (styrofoam). Mzigo usiwekwe karibu na injini wala kwenye dashibodi penye jua.

Mokowe ndipo mambo huharibikia. Basi likichelewa, na boti ya Faza nayo inangoja maji yajae Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, boksi laweza kulala gatini. Tafuta kwanza mtu wa kulipokea mwenye friji, na mzigo utumwe siku ambayo boti ipo. Ijumaa mimi singeipendekeza.

Ikifika, itazame. Insulini ya mchanganyiko huwa nyeupe kama maziwa baada ya kuiviringisha polepole viganjani. Ukiona vipande vinaelea, au ukungu umeganda ukutani mwa chupa, irudishe. Ikiwa barafu imeisha lakini boksi halikupata jua, usiitupe: insulini huvumilia chini ya nyuzi 30 kwa wiki 4 hivi. Ila hesabu inaanzia siku hiyo, si siku ya kuifungua. Iandike kwa kalamu kwenye lebo.

Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mama anatumia 36 kwa siku, kwa hiyo ni siku 27. Awe na chupa moja ya akiba siku zote, na uagize nyingine siku ile ile anapofungua ya akiba. Ukingoja iishe, bahari ikichafuka atakosa dozi, na hilo ni hatari kuliko joto la basi.

Nyumbani iweke rafu ya katikati ya friji, mbali na friza. Umeme ukikatika, mtungi wa maji kivulini husaidia kidogo, ingawa hewa ya Lamu ina unyevu na mtungi haupoi kama wa bara. Weka kipimajoto ndani usome. Na sukari ikipanda bila sababu baada ya kufungua chupa mpya, badilisha chupa kwanza. Isiposhuka, au akianza kutapika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.