Anakoroma, halafu kimya

Mume wangu hukoroma hadi jirani wa ploti analalamika. Kelele nimezizoea, kinachonitisha ni pale anaponyamaza ghafla, kisha anashtuka kama aliyekabwa koo. Ni jinamizi? Mama watoto, Nyalenda, Kisumu

Si jinamizi, dada. Tukilala, misuli ya koo hulegea, na kwa wengine koo huziba kabisa. Pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari huihesabu. Mara 5 kwa saa tayari ni apnia ya usingizi, na kuanzia 30 ni kali. Yeye asubuhi hatakumbuka lolote na atakubishia, kwa hiyo mrekodi kwa simu mwende na ushahidi kliniki.

Nina miaka 52. Nasahau majina ya wanafunzi, ukurasa mmoja nausoma mara tatu, na hasira ziko karibu. Nyumbani wanasema nakoroma. Je, ndiyo akili za uzee zimeanza? Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, usijizike ukiwa hai. Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga yale uliyojifunza mchana. Koo likiziba, oksijeni hushuka na ubongo hukugutua upumue, bila wewe kujua. Mara 30 kwa saa ni sawa na kugongewa mlango wa darasa kila dakika mbili. Somo gani litaingia? Umakini huyumba, kumbukumbu nayo, na subira huisha. Hata hizo hasira nisingeziita tabia.

Omba kipimo cha usingizi, na pia upimwe presha, sukari na tezi ya shingo, maana usahaulifu una baba wengi. Tiba kuu ni mashine ya CPAP, aliyoibuni Colin Sullivan huko Australia na kuitangaza mwaka 1981: husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Bei yake inauma, sikufichi. Kusinzia mchana hupungua mapema kwa wengi. Kumbukumbu huchelewa, na si kila mtu huirudisha yote.

Naendesha trela na husinzia mchana hata nikiwa nimelala kwa muda wa saa nane. Miraa si inatosha? Salgaa

Haitoshi. Miraa hufumbua macho, haifungui koo. Wewe unayeteremka Sachangwan unajua sekunde tatu za kusinzia zinaweza kufanya nini. Egesha gari hadi upimwe. Na kama unakunywa pombe ya kuvuta usingizi, iache, hulegeza koo zaidi.

Mtoto wangu wa miaka 5 hukoroma, na mchana hatulii hata kidogo. Njoro

Mara nyingi ni tonsili au nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Muone daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto asiyelala vizuri huenda asisinzie, akawa mtundu tu. Usimchape.

Mimi ni mwembamba. Nimepona?

Unene huongeza hatari, lakini kidevu kifupi au tonsili kubwa havijali kilo zako. Wanawake nao, hedhi ikikoma, hatari hupanda.

Kulala ubavu kunasaidia?

Wengine, ndiyo. Shona mfuko mgongoni mwa fulana, utie mpira wa tenisi. Ukilala chali utakuchoma, utageuka mwenyewe.