Maswali Yenu: Chotara, Shombe au Jina Lake Tu?

Barua za mwezi huu zimetoka Tabata, Mbezi, Temeke na Upanga. Zote zinahusu watu wenye asili zaidi ya moja, na jinsi wanavyoitwa.

Mwanangu ana miaka saba. Baba yake ni Mholanzi, mimi Mmakonde. Shuleni wenzake wanamwita "chotara", na mwalimu mmoja naye hulitumia neno hilo. Je, ni tusi? Nifanye nini? — Mama J., Tabata

Mama J., kwenye kamusi neno hilo si tusi. Lakini siku hizi utalisikia zaidi kwa bwana shamba kuliko mahali pengine: mbegu chotara za mahindi, kuku chotara, ng'ombe chotara wa maziwa. Mtoto aliyesikia redioni asubuhi kwamba kuku chotara hutaga mayai mengi, kisha mchana akaitwa vivyo hivyo darasani, ana haki ya kuumia. Wapo watu wazima hapa Dar wanaojiita machotara bila kinyongo, na hiyo ni haki yao. Mtu kujiita ni jambo moja. Kubandikwa na mwenye chaki mkononi ni jambo jingine.

Maneno mengine yana uzito wake. "Suriama" limetokana na suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa nyumbani na bwana wake. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria alizaliwa huru na akarithi kama ndugu zake. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Hata hivyo neno linabeba harufu ya utumwa, na kwa mtoto wa leo halifai kabisa. "Hafukasti" ni la wakoloni. "Shombeshombe" hutumiwa na vijana kwa utani, na utani huo unahitaji urafiki kwanza. Anayeongeza "koko" nyuma ya Mzungu au Mwarabu anamfananisha mtu na mbwa wa jalalani. Hilo ni tusi na likataliwe papo hapo.

Sasa hatua. Nenda kwa mwalimu wa darasa, peke yenu, baada ya vipindi, ukiwa na ombi moja linalopimika: mtoto aitwe kwa jina lililo kwenye daftari la mahudhurio. Usidai mtoto atetewe mbele ya mstari wa asubuhi. Shule nzima ikitangaziwa kwamba fulani asiitwe chotara, jioni ileile hata ambao hawakulijua jina hilo watakuwa wamelijua.

Nyumbani mpe mtoto sentensi fupi: "Naitwa fulani. Mama yangu Mmakonde, baba yangu Mholanzi." Mfanyishe mazoezi mara nne tano, kama unavyomfundisha namba yako ya simu, mpaka aiseme bila kutetemeka na kurudi kwenye mchezo wake. Jiepushe na "nusu". Mtoto husikia nusu kama upungufu, na ataanza kuuliza nusu yake ipi ndiyo nzuri. Majina ya watu na mahali hayana upungufu: bibi yuko Newala, babu yuko Rotterdam.

Kosa jingine hufanywa kwa mapenzi. Shangazi anambeba na kusema, "Huyu mweupe ndiye mrembo wetu," mbele ya binamu zake weusi. Hapo wameumizwa watoto wote. Binamu ameambiwa hapendezi, na mwanao ameambiwa kwamba anachopendewa ni ngozi. Mzuie shangazi siku hiyohiyo, kwa upole, lakini mzuie.

Mimi ni Mluguru, mke wangu Mjerumani, mtoto amezaliwa hapa Dar. Kuna fomu ina mstari wa "kabila". Niandike nini? Na majina yake tuyaandikeje? — Baba wa Mbezi

Fomu nyingi zinazoathiri haki za mtoto zinauliza uraia, na uraia si kabila. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila nchini. Ile ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, haikuuliza kabila wala dini. Hilo lina historia. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Watanganyika walipiga kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kisanduku cha nne hakikuwepo, na aliyezaliwa kati ya makundi hayo ilibidi asukumwe mahali fulani. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia, wapo wabunge waliotaka ufuate rangi. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alikataa katakata na kusema yuko tayari kujiuzulu. Ndiyo maana leo mtoto wako, aliyezaliwa Tanzania na mzazi mmoja Mtanzania, ni raia wa kuzaliwa, na hakuna ofisa mwenye ruhusa ya kumpima kwa nywele.

Mstari wa kabila ukiwepo, andika "Mluguru" ukitaka, au weka kistari. Lakini liangalie kwanza swali la ukoo, maana hapa wazazi wengi hukwama. Kwa Wachaga au Wahaya mtoto hufuata ukoo wa baba. Baba mwenyeji akiwepo, mtoto ana ukoo hata kama mama ametoka Berlin. Waluguru, Wamakonde na Wayao hufuata upande wa mama. Kwenu, basi, mtoto wa mke mgeni hana ukoo wa mama wa kumpokea, na suala la ardhi ya ukoo linaweza kuja kumshangaza akiwa na miaka thelathini. Kaeni na wajomba na wazee mapema, mkubaliane nafasi yake, na kiwanja mnachotaka awe nacho kiandikwe kwa jina lake. Mama J. hapo juu yuko upande mwepesi: mtoto wa Mmakonde wa kike ni wa ukoo moja kwa moja, baba awe wa wapi.

Majina ndiyo yanayoharibu mambo zaidi kuliko rangi. Sajili kizazi ndani ya siku 90, kwa majina matatu yanayofanana herufi kwa herufi na yatakayokuwa kwenye hati za Kijerumani. Jina la ukoo likiwa na herufi kama ü, karani wetu ataandika "Muller", pasipoti ya Kijerumani itaandika "Müller" na mstari wa chini unaosomwa na mashine utaandika "MUELLER". Hayo ni majina matatu kwa mtoto mmoja. Chagueni tahajia moja kabla ya kujaza fomu ya kwanza, iandikeni kwenye karatasi, mpeni karani aikopi. Tofauti ikishatokea, mtahitaji kiapo cha majina, na kila ofisi mpya itakidai tena.

Kumbuka pia miaka 18. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akifika umri huo lazima aukane mmoja, na akinyamaza anapoteza wa Tanzania. Mzungumze naye akiwa na miaka 16, asije akashtukizwa na barua.

Baba yangu asili yake Oman, mama Mzaramo. Mtaani naitwa Mwarabu, kwa ndugu wa baba naitwa Mswahili. Nakwenda kusoma Marekani na fomu inauliza "race", yaani kundi la rangi au asili. Mimi ni nani? — Msomaji wa miaka 22, Temeke

Fomu kwanza. Tangu sensa ya 2000, Marekani inaruhusu kuchagua kundi zaidi ya moja, kwa hiyo usijilazimishe moja. Machi 2024 serikali yao iliidhinisha kundi jipya la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Fomu zisizobadilishwa bado zinamhesabu Mwarabu kama mweupe. Ukikuta kundi jipya, weka alama hapo na kwa Mwafrika. Usipolikuta, weka kwa Mwafrika na "nyingine", kisha andika. Hakuna atakayekudai cheti cha damu.

Ujue tu kwamba watu wa huko watakusoma kwa kanuni yao wenyewe. Sheria ya jimbo lao la Virginia ya 1924 ilimhesabu mwenye chembe yoyote ya asili ya Kiafrika kuwa si mweupe, na fikra hiyo imebaki hata baada ya sheria kufa. Afrika Kusini ni hadithi nyingine: "Coloured" lilikuwa kundi la kisheria tangu 1950 hadi 1991, na leo ni jamii yenye vyakula, lugha na makaburi yake, kwa hiyo usijiite hivyo kwa sababu tu wazazi wako ni wa asili mbili. Brazil, kwenye sensa ya 2022, waliojiita "pardo", yaani wa asili mchanganyiko, walikuwa 45.3 kwa mia, kundi kubwa kuliko yote. Damu ileile hupewa jina jingine ukivuka mpaka.

Na pwani yetu? Huku mtoto amefuata nasaba ya baba kwa karne nyingi, ndiyo maana mtaa unakuita Mwarabu. Ila utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, uliopima mifupa ya makaburi ya kale ya Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, ulionyesha wazi: akina mama wa miji hiyo walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa, na wanaume wengi walioingia kuanzia takriban mwaka 1000 walitoka Uajemi. Nasaba iliwataja baba. Mifupa imewataja na mama. Kwa hiyo unapomtaja mama yako Mzaramo hupunguzi Uarabu wa baba, unajaza pengo lililoachwa. Wala si unafiki kujibu "Mwarabu" kwa babu, "Mzaramo" msibani kwa mjomba, na "Mtanzania" uwanja wa ndege. Unafiki ungekuwa kumkana mmoja wao ili mwingine akupende.

Nina mimba ya miezi mitatu. Mume wangu ni Mhindi, mimi Msukuma. Kliniki wameniuliza asili yetu. Kwa nini? — Upanga

Kwa sababu ya damu, dada, si kwa ubaguzi. Kinasaba cha sikoseli ni cha kawaida kwetu, na India pia kipo. Cha thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kipo kwa Wahindi na Waarabu. Ukibeba cha sikoseli na mumeo akabeba cha thalasemia, nyote mko wazima kabisa, lakini kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kupata vyote viwili na kuugua. Kipimo cha haraka cha sikoseli hakionyeshi thalasemia. Omba picha kamili ya damu na kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, kwako na kwa mumeo, mapema. Unapoulizwa asili, taja mahali: upande huu Gujarat, upande huu Shinyanga. Ukisema tu "mtoto atakuwa chotara", daktari hatajua apime nini.