Usiisugue sarafu ya mvuvi

Sarafu ya kwanza niliyonunua ya Poland ya zama za ukomunisti niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa zloti 5 ya 1958, ile ya mvuvi anayevuta wavu, kazi ya mchongaji Józef Gosławski. Nilirudi nayo nyumbani kutoka gulioni Warszawa, nikaona imefifia kama sufuria kuukuu, nikaisugua kwa magadi soda. Iling'aa. Asubuhi, nilipoiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, mwili wote wa mvuvi ulikuwa mikwaruzo. Alumini ni laini, na mkwaruzo ukishaingia hautoki. Ikiwa yako ina uchafu, iloweke kwenye maji safi, kisha ikaushe kwa kuigusagusa tu na kitambaa laini.

Kabla ya kununua nyingine, nunua mizani ndogo ya kupimia gramu. Zloti 1 ya 1949 ilitolewa kwa metali mbili: ya shaba na nikeli ina gramu 7, ya alumini ina gramu 2 na kitu. Kwenye picha ya muuzaji mtandaoni huwezi kuwa na uhakika ni ipi, kwa hiyo omba uzito. Sarafu hizo, ingawa zina mwaka 1949, zilianza kutumika kwenye mageuzi ya fedha ya Oktoba 1950, na watu waliokuwa na noti nyumbani walibadilishiwa 100 za zamani kwa 1 mpya. Akiba za familia ziliyeyuka. Mimi hulikumbuka hilo kila ninapoishika moja.

Halafu soma maandishi yanayomzunguka tai, nembo ya Poland, ambaye enzi hiyo hana taji. Za 1949 zimeandikwa Rzeczpospolita Polska, yaani Jamhuri ya Poland. Nchi ilibadilishwa jina mwaka 1952, lakini jina jipya, Polska Rzeczpospolita Ludowa (Jamhuri ya Watu wa Poland), utalikuta kwenye sarafu kuanzia za 1957.

Ukishanogewa, utaletewa sarafu zenye neno PRÓBA, yaani za majaribio. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Za nikeli kwa kawaida zilipigwa 500 tu kwa kila mchoro, na bei yake ni kubwa. Nenda na sumaku mfukoni: nikeli safi hunasa. Muuzaji akikukataza kuijaribu, mrudishie sarafu yake, mshukuru, uondoke.