Rushwa, ufisadi na "ubepari wa kirafiki"

SWALI: Mwanasiasa amempa rafiki yake zabuni ya serikali. Hakuna bahasha iliyotembea, ila rafiki huyo ndiye aliyegharimia kampeni. Niite rushwa au ufisadi? Na je, "ubepari wa kirafiki", kwa maana ya biashara kunufaika kwa urafiki na wanasiasa (kwa Kiingereza "crony capitalism"), ni Kiswahili fasaha?

JIBU: Andika ufisadi. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na kitu kinachopita kati yao. Ndiyo maana hutolewa, hupokewa na, zaidi ya yote, huliwa. Ufisadi hautolewi wala hauliwi. "Waziri alipokea ufisadi" ni kosa. Ufisadi hufanywa, kwa kuwa asili yake ni kufisidi, yaani kuharibu. Zamani mfisadi alikuwa zaidi mharibifu wa wake na mabinti wa watu kuliko mwizi wa hazina! Siku hizi kinachoharibiwa ni utaratibu, hata kama hela hazikuonekana.

Mpaka huo hauheshimiwi kila mahali. TAKUKURU ya Tanzania (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa) kwa jina lake inapambana na rushwa, tume ya Kenya inapambana na ufisadi, na kazi zao zinafanana. Kwa hiyo Mtanzania anayeita yote rushwa usimsahihishe kwa ukali.

"Ubepari wa kirafiki" siupendi. Kirafiki hueleza namna: mazungumzo ya kirafiki, mechi ya kirafiki. Msomaji atadhani ni ubepari mpole, usio na makali. Maneno matamu yana hatari yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na jambo hilo likaitwa takrima. Mahakama Kuu ililifuta mwaka 2006.

Napendekeza "ubepari wa kujuana". Watu tayari husema zabuni imepatikana kwa kujuana, na ule mnyambuliko wa -ana unabeba kutendeana kwenyewe: huyu anachangia kampeni, yule anarudisha fadhila kwa zabuni, leseni au msamaha wa kodi. "Ubepari wa maswahiba" nao unafaa, ingawa una harufu ya magazeti. "Wa undugu" uache, isipokuwa wahusika ni ndugu kweli.

Ila ikithibitika kwamba mchango ule wa kampeni ulitolewa kwa sharti la kupewa zabuni, hata mimi nitaandika rushwa.