Miaka sita na kifaru cha vita bandani: haya ndo ningetaka kuambiwa mwanzoni

Mtu akiingia bandani kwetu mara ya kwanza swali lake huwa moja, kidude hiki mmenunua pauni ngapi. Siku hizi simjibu bei, namuuliza kwanza wewe una banda? una sakafu ya zege inayobeba tani 17? una jirani anayevumilia kelele za grainda Jumamosi asubuhi? Maana bei ya kununua ni mlango tu, nyumba yenyewe iko ndani.

Nijieleze kidogo. Mimi ni fundi wa magari makubwa, mzaliwa wa Tanga, spana nilishika nikiwa bado mdogo kwenye gereji ya mjomba tukitengeneza Leyland na Isuzu, na sasa naishi kusini mwa Uingereza nafanya kazi ile ile ya malori. Kifaru chetu ni Valentine Mark V, cha Waingereza cha Vita vya Pili vya Dunia, na tuko watu wanne, mkulima mwenye banda, mzee mmoja mstaafu aliyekereza vyuma kiwandani maisha yake yote, fundi umeme, na mimi wa injini. Tunafanya Jumamosi na jioni za kiangazi basi, wote tuna kazi na familia.

Kwa nini Valentine na sio Sherman ambayo kila mtu anaijua? Babu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Waingereza, alipelekwa Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942, na tulipokuwa watoto alikuwa akitusimulia jua na vumbi na njaa ya njiani lakini vita yenyewe alikuwa haisemi. Nilipokuwa mtu mzima ndo nikaanza kusoma, nikakuta Waingereza walishuka Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942 na vifaru 12 tu, 6 vya Valentine na 6 vya Tetrarch, halafu Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikafuata, Septemba ikashuka Majunga na kupanda kuelekea Tananarive. Kwa hiyo pale mkulima aliponiambia kuna bodi ya Valentine inauzwa New Zealand, sikulala usiku ule.

Valentine zilitengenezwa zaidi ya 8,000, nyingine Kanada, na zaidi ya 3,000 zilienda Urusi. New Zealand nao walipata zao, vita ilipoisha wakulima wakazinunua wakatoa turreti, kile kichwa kinachozunguka, wakabaki na trekta la chuma la kufyekea vichaka na kusukumia magogo. Chetu kilifanya kazi hiyo mpaka kikafa kikaachwa kwenye majani. Kilikuja kwenye meli bila turreti, bila viti, sakafu imeoza kwa maji, na kiota cha ndege kwenye nafasi ya dereva.

Sasa ushauri, na naanza na kosa lililotugharimu kuliko yote. Tulikifungua chote. Wiki tatu za mwanzo tulikuwa na moto wa ajabu, kila mtu ana spana, kila mtu anafungua upande wake, vitu vinatupwa kwenye ndoo, mpaka mwisho wa mwezi tukawa na bodi tupu na ndoo kama 40 za vyuma ambavyo hakuna aliyejua vimetoka wapi. Tulipoteza karibu miaka miwili kwa ajili ya zile wiki tatu, na hapo katikati karibu tugawane vyuma kila mtu aende kwake. Kwa hiyo nakuomba, fungua kitu kimoja, kisafishe, kitengeneze, kifunge, ndo uende kingine. Breki ya kushoto ikamilike kabla hujagusa ya kulia, tena ile ya kulia ambayo hujaigusa ndo itakuwa mwalimu wako, utaichungulia kila ukisahau springi inakaa vipi. Piga picha kila hatua, na sio picha ya karibu tu, piga na ya mbali ionekane kitu kinakaa wapi. Boliti zirudishe kwenye tundu lake hapo hapo na nati juu yake, usiziweke kwenye ndoo.

Na boliti zenyewe nazo zina habari yake. Bodi ya Valentine ni ya Kiingereza ya zamani, uzi wake ni Whitworth na BSF, vipimo vya Kiingereza vya inchi, lakini Mark V ina injini ya Kimarekani ya GM, yaani General Motors, na uzi wa huko ni mwingine kabisa, kwa hiyo unatembea na seti mbili za spana na ile seti yako nzuri ya milimita ya nyumbani haina kazi. Usilazimishe spana inayokaribia kuingia. Utamaliza pembe za nati na baada ya hapo ni grainda, na nati ile huipati dukani, itabidi mzee wetu aikereze na yeye ana kazi nyingine mia.

Boliti iliyoganda usiipige nyundo siku ya kwanza. Ipake mafuta ya kupenya, iache, kesho ipake tena, wiki nzima hivyo, halafu ipashe moto wa gesi mpaka nati iwe nyekundu, iache ipoe kidogo, ndo ujaribu kuikaza kwanza kabla ya kuilegeza. Ndio, ikaze. Ule mtikisiko mdogo ndo unaovunja kutu. Ila kabla ya kuwasha gesi hakikisha tenki ya mafuta imetoka na chini hakuna grisi ya miaka 70, na mtu mmoja asimame na kizimamoto kazi yake iwe hiyo tu.

Vipande vidogo tunavisafisha kwa umeme. Pipa la plastiki, maji, soda ya kufulia, chaja ya betri, waya wa hasi kwenye kipande chenye kutu na wa chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, unaacha usiku kucha asubuhi kutu inatoka kwa brashi. Usiweke stenlesi upande wa chanya, inaacha sumu kwenye maji, na pipa likae nje maana gesi inayotoka inalipuka.

Tukiwa kwenye sumu nimalizie hapo hapo. Rangi ya zamani ina madini ya risasi, gasketi na breki zina asbesto, na saa za dashibodi zile zenye namba za kung'aa gizani zilipakwa radiamu, usizifungue wala kuzikwangua, zifunge kwenye mfuko uwape wataalamu. Mimi sikuwa najua habari ya radiamu mpaka fundi umeme wetu aliponinyang'anya geji mkononi nikiwa tayari na bisibisi. Barakoa ya vumbi ya kitambaa haitoshi, nunua ile ya filta, hata kama hela ya mwezi huo ilikuwa ya rangi.

Na ukikuta risasi au kitu chochote chenye umbo la bomu usikiguse, toka nje piga simu polisi, hata kama kimeoza. Mwaka 2017 hapa hapa Uingereza kuna mtu alikuwa anatengeneza kifaru cha aina ya Type 69 kilichotoka Irak, wakakuta risasi za bunduki, ndo wakaamua kurekodi video walipofungua tenki ya mafuta ili wawe na ushahidi wakikuta silaha zaidi. Walichotoa mle ni vipande vitano vya dhahabu. Sisi tulichokuta ni mifupa ya panya, lakini utaratibu wa kurekodi tumeuiga mpaka leo.

Nije kwenye injini, hapa ndo nyumbani kwangu. Ni GM 6-71, silinda 6, kila moja inchi za ujazo 71, yaani kama lita 7 jumla, dizeli ya tu-stroki, yaani mipigo miwili. Injini hii ni zawadi kwa mtu wa hobi maana baada ya vita ilikaa kwenye mabasi na maboti miaka na miaka, na mashua za kutua za Wamarekani ziliitumia pia, kwa hiyo pistoni, slivu (bomba la ndani ya silinda), gasketi na nozeli bado unapata bila kuuza nyumba. Ukiwa unachagua kifaru chagua kwa injini, sio kwa sura. Bodi yenye kutu inachomelewa, lakini injini isiyo na spea duniani itakukalisha chini.

Yetu ilikuwa imeganda. Uzuri wa 6-71 ni kwamba pembeni ina vifuniko vidogo, ukivitoa unaziona pistoni na ringi kupitia matundu ya slivu bila kufungua silinda hedi. Tukamwaga asetoni na oili ya gia otomatiki nusu kwa nusu, tukasubiri wiki sita, tukawa tunasukuma flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa nondo nukta moja mbele nukta moja nyuma, usitumie stata hapo hata kidogo, na siku moja ikaachia na mzee akakaa chini akalia. Sio utani, alilia, na mimi nikatoka nje.

Halafu ikatokea hatari ambayo nataka uisome mara mbili. Yale mafuta tuliyomwaga yalishuka yakajaa kwenye chemba ya hewa pembeni mwa injini na sisi hatukusafisha. Siku ya kuwasha ikashika vizuri, tukashangilia, baada ya sekunde chache ikaanza kupanda yenyewe, nimefunga dizeli lakini inapanda tu, maana tu-stroki hii ina blowa inayosukuma hewa ndani na ile hewa ilikuwa inabeba mafuta ya kwenye chemba, injini inakula mafuta hayo na haina habari na wewe. Ukiiacha inapasuka vyuma vinaruka. Kile kifuniko cha dharura cha kukata hewa wakulima walishakitoa zamani. Kilichotuokoa ni kibao cha mbao nilichokuwa nimekiweka karibu kwa sababu mjomba alinifundisha hivyo kwa dizeli yoyote iliyolala muda mrefu, nikakikandamiza kwenye mdomo wa blowa ikazima. Kibao au bamba la chuma, sio mkono wako, sio shati, vitamezwa. Safisha chemba ya hewa, hakikisha nozeli zote zinarudi zenyewe kwenye kufunga, na mtu wa kibao asimame pale kabla ufunguo haujazungushwa.

Kuhusu uzito, kifaru hakikupi nafasi ya kujifunza kwa kosa. Jeki ni ya kunyanyua, sio ya kushikilia. Ukishanyanyua weka mataruma ya reli chini ya bodi ndo uingie, na usiingie ukiwa peke yako bandani hata kwa dakika moja. Waya wa winchi ukivutika watu wote wanakaa pembeni mbali, hakuna anayeuruka, hakuna anayesimama mstari mmoja nao, ukikatika unarudi kama panga.

Minyororo, ile ya chuma ambayo kifaru kinatembelea, nilidhani itatutesa lakini ilikuwa rahisi kuliko breki. Unaitandika chini imenyooka, unakivuta kifaru mpaka magurudumu yakae juu yake, halafu ile ncha ya mbele unaipandisha kwa kamba kupita juu mpaka kwenye gurudumu la meno la nyuma, unavuta taratibu, unakutanisha ncha mbili unapiga pini. Asubuhi moja kila upande. Wakati huo weka vidole vyako mbali na viungo.

Sheria usizipuuze. Hapa ukitaka kukiendesha barabarani leseni ya gari haitoshi, minyororo ina daraja lake, H, na mzinga hata ukiwa umekufa unahitaji cheti kuwa umezimwa kihalali. Sisi tumeamua mzinga wetu uwe bomba tupu la kukereza, hatutaki maneno na mtu. Maswali ya michoro yapeleke Bovington kule Dorset, makumbusho ya vifaru, wana hazina ya nyaraka na vitabu vya mafundi wa wakati ule, na kitabu kimoja cha fundi kilituokoa kuliko video mia.

Jambo moja bado tunabishana. Ubavuni kuna alama za kuchomelea, wakulima walifunga bamba la kusukumia magogo. Wenzangu wawili walitaka zisagwe kiwe kama kimetoka kiwandani mwaka 1942. Mimi nilikataa. Kifaru hiki kimelima miaka mingi kuliko kilivyovaa sare, na yule aliyechomelea pale alikuwa fundi mzuri, mshono wake umenyooka. Tukakubaliana upande wa kulia usagwe, wa kushoto ubaki, na mimi ndo nitaupaka rangi.

Mwezi wa sita kilitembea mita kama 30 shambani, gia ya kwanza, klachi ya mnyororo wa kulia bado inateleza kwa hiyo kilikuwa kinavuta kulia. Mama alikuwa kwenye simu Tanga akasema mbona kinanguruma kama boti la Pemba, nikamwambia mama injini ni ndugu. Jumamosi tunafungua hiyo klachi, ya kulia peke yake, na mabamba ya turreti yameshakatwa yanasubiri, chuma cha kawaida sio cha deraya, yamepangwa ukutani kila moja na namba yake ya chokaa.