Mleta uzi, acha hayo mazoezi ya macho leo hii

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Dada, hapana. Unasema mdogo wako ana usonji (autism), Jumatatu ana usaili wa utunza stoo, na umeshaanza kumfundisha kumtazama mtu machoni "ili wasishtukie". Unauliza na avae nini, umsindikize au la, mshahara wa kuanzia uwe kiasi gani. Hayo baadaye. Hilo la macho nililifanya mimi, kwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Dogo wangu amekariri namba za spea za Toyota kama wenzake walivyokariri Bongo Fleva. Nikamtafutia nafasi kwenye duka la spea pale Gerezani. Kabla ya kwenda nikaangukia mikononi mwa jamaa aliyejiita kocha, ana kundi la WhatsApp, wiki mbili laki moja na nusu. Masharti yake mawili: hali ya kijana isitajwe kabisa, na ajifunze kumtazama mtu machoni, sekunde nne, apumzike, sekunde nne tena. Nikalipa. Nikashusha saa ya ukutani nikaiweka mezani. Kila jioni dogo ananikazia macho huku anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, jasho linamtiririka, na mimi bwege nampigia makofi.

Siku yenyewe, mwenye duka ni mzee wa miaka kama sitini, wa malezi ya zamani. Dogo akaingia, shikamoo safi kabisa, kisha akamkodolea. Moja, mbili, tatu, nne. Akatazama feni. Akarudi. Moja, mbili... Jamani, sisi tumelelewa wapi? Ukizungumza na mzee si unainamisha macho? Yule kocha aliokota somo kwenye video za wazungu akatuuzia bila hata kulipangusa vumbi. Dogo kwa asili yake hamtazami mtu usoni. Angeachwa alivyo, mzee yule angemwona ndiye kijana mwenye adabu kuliko wote Kariakoo nzima! Nimetoa laki na nusu ili mtoto wa watu avuliwe heshima zake.

Mzee akauliza, "Habari za nyumbani?" Dogo akampa habari za nyumbani. Zote. Bomba lililopasuka, kodi tunayodaiwa, shangazi aliyehamia kwetu na kuku wake. Spea hakuulizwa hata moja. Dakika tano hazijaisha, mzee akanivuta pembeni: "Huyu kijana anavuta?" Nami kwa kushika sharti la kocha nikajibu, "Hapana mzee, ana usingizi tu." Usingizi! Saa nne asubuhi.

Kazi ikapotea, sawa, kazi zipo. Kilichonimaliza ni njiani tunarudi. "Kaka, nilihesabu vizuri?" Ulihesabu vizuri. "Sasa nilikosea wapi?" Sikuwa na jibu, nikajifanya naongea na simu. Miezi mitatu hakuvuka geti. Mgeni akibisha hodi, yeye chumbani. Na kila nikimsemesha ananitazama anahesabu kwa sauti, nadhani makusudi. Nimestahili.

Baadaye ndipo nikakutana na utafiti wa Noah Sasson na wenzake kule Marekani, wa 2017. Waliwaonyesha watu video fupi za wenye usonji wakijieleza. Ndani ya sekunde chache tu watazamaji walikuwa wameshapunguza hamu ya kuongea nao au kukaa nao karibu. Watu wengine wakapewa maneno yaleyale yameandikwa, hakuna sura, hakuna sauti: ubaguzi ule haukuonekana. Yaani walichokisema hakikuwa na kasoro. Mwaka 2019 Sasson na Kerrianne Morrison wakaonyesha kwamba mtazamaji akiambiwa kuwa huyu ana usonji, anampokea vizuri zaidi. Kocha wangu aliniuzia kinyume chake, tena kwa bei ya mbuzi.

Kwa hiyo shika hili moja: MANENO NA KAZI YAKE VITANGULIE, SURA IFUATE. Mara ya pili nilimwomba dogo ruhusa kwanza (muulize wako pia, hiyo ni siri yake, si yako), nikawapigia simu wenye maduka. Ana usonji, hatakutazama, salamu atajibu kwa kirefu, muulize spea. Wawili wakakataa palepale, na bora waninyime mimi kwenye simu kuliko wamkunjie yeye uso. Wa tatu, mama mmoja, akamtumia dogo picha za spea zilizotolewa kwenye maboksi. Dogo akarudisha namba zote, na kusema kwamba moja ni feki. Yuko pale mwaka wa pili sasa. Mama humpokea asubuhi hivi: "Karibu, habari za nyumbani, usinijibu." Wanacheka wote.

Watakuja hapa chini wa kukwambia ukisema tu umemharibia. Waulize wao walimpeleka nani, wapi.

Ulitaja na nguo. Avae shati lisilomwasha shingoni, basi. Leo Alhamisi, una kesho na keshokutwa za kumpigia huyo bosi. Na kama nawe umeshusha saa, irudishe ukutani.